Shimo Langu na Kisima cha Jirani

Katika darsa yetu ya baada ya Magharibi, mwaka uliopita, ndugu mmoja alisimama akauliza suala ambalo kwa dhahiri yake lilikuwa jepesi. Alisema: "Shekhe, mtu akichimba shimo la choo ndani ya kiwanja chake, wala asivuke mpaka hata kwa shubiri moja, kisha maji ya kisima cha jirani yakaharibika, je, ana dhambi?" Waliokuwapo wakatabasamu, kwani wote walijua lililoulizwa ni lipi na liliwahusu kina nani. Sisi hatukutabasamu. Suala hilo tuliwahi kuulizwa miaka mitano nyuma, tukalijibu, na jibu letu ndilo lililotuleta kwenye makala haya.

Itafaa tulieleze jambo lenyewe kama lilivyokuwa, bila ya kutaja mtu wala mtaa, maana makusudio yetu si kumfedhehesha mtu, na aliyestahili kufedheheka kuliko wote ni sisi. Pana msikiti mmoja katika mitaa yetu ya Mombasa wenye kisima cha zamani, kilichotolewa waqfu na mwanamke ambaye Mwenyezi Mungu ndiye amjuaye, maana jina lake halikuandikwa popote. Kwa kisima hicho watu hutawadha, watoto wa chuo hunywa, na siku ambazo mfereji hautoki, nazo ni nyingi, wanawake wa jirani huja na mitungi yao wakateka. Kando ya msikiti palikuwa na nyumba ya udongo ya watu saba. Mwenyewe akaivunja ili ajenge ghorofa tano za kupangisha. Alikuwa mtu mwema, mwenye kuswali safu ya mbele, na alitujia kabla ya kuchimba, jambo ambalo wengi hawalifanyi. Akatuuliza kama anaweza kuweka shimo la choo pembeni mwa ukuta, upande wa kisima, kwani upande wa pili ndiko yatakakosimama magari ya wapangaji. Tukafungua vitabu.

Na katika vitabu tulikuta hivi. Imamu Nawawi, aliyefariki mwaka 676 wa Hijra (1277), ambaye madhehebu yetu ya Shafii yategemea kauli zake kuliko za wengi, ameeleza katika Rawdha ya kuwa mtu akichimba shimo la uchafu katika milki yake na maji ya kisima cha jirani yakaharibika kwa sababu hiyo, jambo hilo ni makuruhu. Lakini hazuiliwi kulitenda wala halipi fidia, kwa kauli aliyoiona kuwa ndiyo sahihi. Tukamsomea. Tukamwambia, "Ni makuruhu, lakini ni milki yako." Akashukuru, akaenda zake, na shimo likachimbwa hatua nane kutoka kisimani.

Masika ya mwaka wa pili yake watoto wa chuo wakaanza kuharisha. Kwanza watatu, kisha nusu ya darasa. Mmoja alilazwa hospitali siku nne akitiwa maji ya mshipa, na usiku wa pili mama yake alitumiwa habari na daktari awaite jamaa zake. Mtoto huyo alipona, walhamdu lillahi. Afisa wa afya akaja na chupa zake, akachukua maji ya kisima, na majibu yakarudi: yana vijidudu ambavyo makao yake ni matumbo, wala havipatikani kisimani ila kwa kuingiliwa na kinyesi. Kamati ya msikiti ikamwendea mwenye nyumba. Yeye akatusikiliza mpaka mwisho, kisha akasema kwa upole neno ambalo hatujalisahau: "Si nyinyi mlioniambia?"

Tangu siku hiyo tumekuwa tukijiuliza tulikosea wapi. Maana hatukuzua kitu. Tulisoma kilichoandikwa na wakubwa wetu. Mtu anaweza kusema ya kuwa mufti akisoma kauli iliyo sahihi katika madhehebu amekwisha kutekeleza wajibu wake, na yatakayotokea baadaye ni kadari. Sisi pia tulijaribu kujituliza kwa maneno hayo, lakini nafsi haikutulia, na hatimaye tukaona kwamba tulikisoma kitabu na hatukuisoma ardhi.

Kisiwa cha Mombasa na ukanda wa pwani ulio jirani nacho vimesimama juu ya jiwe la matumbawe, mwamba ambao zamani ulikuwa chini ya bahari. Ndilo jiwe wazee wetu walilolichonga wakajengea nyumba na misikiti, na ndilo walilolichoma wakapata chokaa. Kila aliyelishika ajua ya kuwa lina matundu na nyufa. Maji yapitayo katika mchanga mwembamba huenda polepole, na uchafu wake mwingi hubaki njiani. Lakini jiwe lenye nyufa halichuji. Maji huteremka ndani yake kama yateremkavyo katika bomba, na kilichomwagwa leo huweza kufika mbali kabla ya vijidudu vyake kufa. Tena maji matamu ya chini yetu hayana kina. Mvua inyeshapo huzama ardhini, na kwa kuwa maji matamu ni mepesi kuliko ya chumvi, huelea juu ya maji ya bahari yaliyopenya chini ya ardhi. Ni tabaka nyembamba. Visima vyetu vyateka katika tabaka hiyo, na mashimo ya vyoo vyetu yamwaga humo humo. Juu ya ardhi mtu na jirani yake wana viwanja viwili, hati mbili na kuta mbili. Chini wana birika moja.

Mafundi wetu walijua hilo kabla yetu, ila walilitumia kwa njia nyingine. Shimo la choo likijengwa na kusakafiwa chini na pande zote, hujaa upesi, na kulinyonya ni gharama. Kwa hiyo huachwa bila sakafu, na likiwa halijai mwenye nyumba humsifu fundi. Ni wachache wanaojiuliza: lisipojaa, yaingiayo yaenda wapi?

Turudi kwenye kitabu, kwani hata huko tulisoma nusu. Huyo huyo Imamu Nawawi, katika Minhaj ambayo kila mwanafunzi wa pwani hii hupitia, ameweka kanuni ya kwamba kila mtu hutumia milki yake kwa mujibu wa ada, na akipindukia ada atadhamini alichokiharibu. Hilo neno "ada" tulilipita kama mtu apitaye jiwe njiani. Ada ya nyumba za mji wetu ilikuwa nini? Nyumba moja, watu saba au kumi, kopo la maji kwa mtu aingiapo chooni, na shimo lililo nusu kavu. Katika ghorofa tano zenye nyumba nne nne, na watu watano katika kila nyumba, pana watu 100. Tukikadiria lita 50 kwa mtu kwa siku, za kuoga, kufua na kuvuta choo, ni lita 5,000 zinazoteremka shimoni kila siku. Kisima chenye upana wa mita moja na maji ya kina cha mita tatu hakina zaidi ya lita 2,400. Basi kila siku iliyopambazuka, hatua nane kutoka kisima cha waqfu, palimwagwa uchafu ulio mara mbili ya maji yote yaliyomo kisimani. Ni nani atakayesema hiyo ndiyo ada aliyoikusudia Imamu?

Wala wanavyuoni hawakuwa na kauli moja. Ndani ya madhehebu yetu wenyewe Qaffal alikhalifu katika suala hili. Imamu Malik alimzuia mtu kuzusha katika milki yake dhara linalomfikia jirani. Na Waturuki wa dola ya Uthmaniya, walipoikusanya sheria ya Hanafi katika Majalla baina ya mwaka 1869 na 1876, waliliandikia jambo hili kifungu mahsusi: mtu akijenga choo au mfereji wa uchafu karibu na kisima cha mwenziwe na maji yakaharibika, ataondoshewa dhara hilo, na likiwa haliondosheki kwa njia yoyote, shimo litafukiwa. Tulikuwa na kauli hizi mkononi siku ile. Tulichukua iliyo nyepesi kwa aliyeuliza, na hatukumwuliza ambaye hakuwapo, yaani mtoto wa chuo.

Hata hivyo, hatutaki kuwadhulumu waliosema hazuiliwi. Hawakusema ni sawa. Walisema ni makuruhu, na kisha wakasema kadhi hana njia ya kumzuia. Hizi ni hukumu mbili, moja ni ya mahakama na moja ni ya moyo wa mtu mbele ya Mola wake, na aliyezichanganya ni sisi. Kadhi wa zama zile angemzuia mtu kwa ushahidi gani? Nani angethibitisha ya kuwa ladha mbaya ya maji ya kisimani imetoka shimo hili na si lile? Kwa kuwa dhara lilikuwa limefichikana, waliogopa kuifungia watu milki zao kwa dhana. Leo afisa wa afya aja na chupa ndogo, na baada ya siku mbili ajua kama katika mililita 100 za maji mna vijidudu vya kinyesi. Na kipimo cha Shirika la Afya la Ulimwengu ni kwamba katika kiasi hicho kisionekane hata kimoja. Jambo lililokuwa ghaibu limekuwa la kuonekana. Hukumu iliyojengwa juu ya kutojua haiwezi kusimama vile vile baada ya kujua.

Baada ya kisima kufungwa, wazee wawili wa msikiti walitujia wakiwa na hasira, na hoja yao yataka jibu, maana imo vinywani mwa wengi. Walisema: "Maji haya ni zaidi ya kulateni. Hayakubadilika rangi, wala ladha, wala harufu. Kwa sheria ni tahiri. Nyinyi mwafunga maji tahiri ya waqfu kwa neno la daktari?"

Tukawajibu ya kuwa wamesema kweli katika walilolisema. Kulateni ni kiasi cha lita 200 hivi, yaani mitungi kumi ya wauza maji, na kisima kinazo mara kumi na zaidi. Aliyetawadha kwa maji yale udhu wake ni sahihi, wala hatukumwambia mtu arudie swala. Lakini suala la tahara ni la kujua kama ibada imekubalika kwa sharti zake. Halikuwekwa lijibu kama maji yatamuua mtoto. Madini ya sumu yakitiwa katika jungu la maji, maji hayo hayana najisi, na kuyanywa ni haramu. Vile vile maji yaweza kufaa kwa uso na mikono, na yasifae kwa tumbo.

Wazee wakatutajia kisima cha Budhaa cha Madina, ambacho Mtume, rehema na amani zimshukie, alisema maji yake ni tahiri na hali watu walikuwa wakisema humo hutupwa matambara na mizoga. Hadithi hiyo ni mashuhuri, na yapatikana kwa Abu Daud. Tukawauliza kama wanakumbuka aliyoyaandika Abu Daud baada ya kuipokea. Hakutosheka na kuipokea. Alifika kwenye kisima chenyewe, akatandaza shuka yake juu yake, kisha akaipima kwa dhiraa, akakuta upana wake ni dhiraa sita. Akamwuliza mtunza bustani kama kisima kimebadilishwa tangu zamani, akaambiwa hapana. Akaandika pia aliyoyasikia kwa shekhe wake, aliyemwuliza mtunza kisima maji hupanda mpaka wapi na hushuka mpaka wapi. Akatazama, akaona maji yamegeuka rangi, akaliandika na hilo. Twaona haya kulisema, lakini mwanachuoni huyo aliyefariki mwaka 275 wa Hijra alikipima kisima cha nchi ngeni kwa shuka yake, nasi hatukuinuka mkekani kwenda kukipima kisima cha msikiti wetu kilicho nyuma ya kibla.

Na hiyo rangi, ladha na harufu ni alama nzuri kwa yale yanayoonekana kwa alama hizo. Yapo yasiyoonekana. Mwaka 1854 ulizuka ugonjwa wa kipindupindu katika mtaa mmoja wa London, na zaidi ya watu 600 wakafa. Daktari John Snow akaandika makao ya waliokufa juu ya ramani, akaona wamelizunguka bomba moja la kisima katika barabara ya Broad Street. Tarehe 8 Septemba mpini wa bomba hilo ukaondolewa. Maji ya kisima hicho yalikuwa na sifa ya ladha nzuri, hata mwanamke mmoja mjane aliyekuwa amehamia Hampstead, mbali na mtaa huo, alikuwa akiletewa chupa yake kwa kuyapenda. Akayanywa huko kwake, akafa. Baadaye kasisi mmoja, Henry Whitehead, aliyeanza uchunguzi akitaka kuonyesha kuwa daktari amekosea, ndiye aliyegundua mwanzo wake. Alikuwa mtoto mchanga aliyeharisha, na nepi zake zikaoshwa na maji kumwagwa katika shimo la nyumba. Shimo hilo likafukuliwa: matofali yake yalikuwa yameoza, na kutoka hapo hadi kisimani hapakutimia futi tatu. Ni nyumba moja na shimo moja, na mwenye nyumba hakuvuka mpaka wake.

Mgonjwa mmoja wa kipindupindu hutoa vijidudu kwa mamilioni ambavyo jicho haliwezi kuviona. Ugonjwa huo ulikwisha kuifikia pwani yetu katika karne ya kumi na tisa. Ule wa Zanzibar wa mwaka 1869 na 1870 uliandikiwa kitabu na daktari James Christie, kilichotoka 1876. Wimbi la zama zetu liliingia Kenya mwaka 1971, na tangu hapo limekuwa likirudi, mara nyingi pamoja na mvua kubwa, mashimo yanapojaa na maji ya juu na ya chini yakakutana. Wako wasemao, "Tutachemsha." Kuchemsha ni jema, na huua vijidudu. Lakini chumvi za naitreti zitokanazo na vyoo haziondoki kwa kuchemsha, bali maji yakipungua chunguni huzidi kukolea, nazo zina hatari kwa mtoto mchanga anayekorogewa maziwa ya unga. Na makaa ya kuchemshia yauzwa, hayaokotwi.

Sasa tuje kwenye hoja ya mwenye nyumba, ambayo kwa maoni yetu ni nzito kuliko zote. Siku ya pili alituambia: "Mtaa huu una mashimo zaidi ya mia. Nionyesheni kuwa uchafu uliomo kisimani ni wangu. Na nikiliziba langu, kisima kitatakata?" Kwa uaminifu hatukuweza kumwambia ndiyo. Huenda kisingetakata. Kila mwenye shimo katika mtaa ule angeweza kusema vivyo hivyo, kila mmoja akawa mkweli, na maji yakabaki machafu. Hapo ndipo ulipo ugumu wa dhambi hii. Mwizi ana aliyemwibia na muuaji ana aliyemuua, lakini dhambi ya namna hii imegawanyika vipande vidogo vidogo mpaka kila mtu aona chake si kitu.

Kila mmoja wetu aijua hadithi ya watu wa jahazi, waliopiga kura wengine wakakaa juu na wengine chini. Wa chini walipochoka kupanda juu kuteka maji, waliona watoboe tundu katika sehemu yao. Huisomwa mimbarini kila mara, na kila mara twaifasiri kana kwamba wale wa chini walikuwa waovu. Hawakuwa waovu. Walitaka maji, na walisema wafanye hivyo ili wasiwaudhi walio juu yao. Nia yao ilikuwa njema na mahali walipotaka kutoboa palikuwa pao. Na hadithi yasema lau wangeachwa, wangeangamia wote. Basi nia njema na milki halali, kwa pamoja, hazikutosha kumtoa mtu katika lawama. Wala hadithi haikungoja mpaka ijulikane ni tundu la nani lililozamisha.

Na hata mahakama za nchi yetu zimekwisha kuonyesha ya kuwa lawama iliyogawanyika yaweza kupimwa. Huko Owino Uhuru, katika Mikindani, kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu kiliwatia watu risasi mwilini kwa moshi wake na maji yake machafu. Mwaka 2020 mahakama ya Mombasa iliwapa wakazi fidia ya shilingi bilioni 1.3, na baada ya kupingwa, Mahakama ya Juu ikairejesha hukumu hiyo Desemba 2024. Tunalolitaka hapa si ile fedha. Ni kwamba lawama iligawanywa mafungu: kiwanda fungu lake, mwenye kiwanja fungu lake, na idara za serikali zilizotoa ruhusa au kufumba macho zikapewa mafungu yao. Hakuna aliyeambiwa, "Wewe ni mmoja tu katika wengi, nenda zako."

Kwa ajili hiyo tulimwambia mwenye nyumba ya kuwa hatumdai kukitakasa kisima. Twamdai fungu lake. Atadaiwa shimo lake, si ya watu mia. Na akilitengeneza, lililobaki si lake, hata kama kisima hakikutakata kamwe. Na kila mtu atadaiwa kwa kadiri ya uwezo wake. Mjane mwenye chumba kimoja cha kupanga hawezi kulaumiwa kama mwenye ghorofa anayepokea kodi ishirini kila mwezi. Na serikali ina fungu kubwa, maana mabomba ya maji machafu yamefika sehemu ndogo tu ya mji huu, na mtambo wa Kipevu hauwezi kusafisha maji ambayo hayakufikishwa kwake. Sisi hatumfichi mtu kauli hiyo. Tunachokataa ni mtu kuitaja serikali kila alipotajiwa shimo lake.

Wengine, waliposikia habari hii, waliona wamepata njia: wakaziba mashimo yao na kuita magari ya kunyonya. Vema. Lakini gari likiondoka mlangoni lenda wapi? Baadhi yake humwaga usiku katika vijito na mikoko ya Tudor na Makupa, na dereva akiulizwa husema bahari ni kubwa. Hori la Makupa si bahari kubwa. Ni mkono mwembamba wa maji ambao mji umeutesa vya kutosha, kwa taka za Kibarani miaka mingi, na kwa mafuta yaliyomwagika mwaka 1988 yakaua mikoko. Humo kamba huzaliwa na watoto huoga. Mtume alikataza kukojoa katika maji yaliyotuama, na akaonya juu ya kwenda haja kwenye njia za maji ambayo watu huyaendea. Alikuwa akisema na mtu mmoja mwenye haja yake moja. Aliyelipa gari la lita 10,000 na asiulize lilikwenda wapi, amejenga choo hicho kwa kijana wa mvuvi.

Basi, ewe ndugu uliyeuliza, jibu letu la leo ni hili. Ikiwa mtu ajua, au angeweza kujua lau angeuliza na kupima, ya kuwa shimo lake lateremsha uchafu katika maji wanayoyanywa wengine, naye aweza kuliepuka, ana dhambi ingawa hakuvuka mpaka. Na asiyejua kwa kuwa hakutaka kujua, hana udhuru. Na aliyempa fatwa bila ya kwenda kupaona mahali ana fungu lake, huenda kubwa zaidi. Kauli yetu ya miaka mitano nyuma tumeirudi. Wallahu aalam.

Yaliyofuata tutayataja kwa ufupi. Mwenye nyumba alikubali. Alisakafia shimo la zamani, akalifanya la kungojea gari, na akachimba la maji ya kuogea upande wa barabara, pale palipokuwa pa kuegesha magari. Wapangaji wawili wakahama kwa hasira. Siku aliyoleta fundi kupima, alifunga utepe kwenye mdomo wa kisima, akaunyosha mpaka ukutani kwake, akaandika. Kisha, bila ya kuambiwa na mtu, akaugeuza upande wa pili, ulipo msikiti, akaunyosha mpaka nyuma ya vyoo vya waswalio. Akatuita tuje tuone. Shimo la msikiti lilikuwa hatua kumi na moja kutoka kisimani, halina sakafu, na limekuwapo tangu kabla ya sisi kuzaliwa. Hakuna aliyewahi kuuliza juu yake. Hakusema neno, alitupa utepe tuushike.

Mchango wa kulihamisha umefika nusu. Kisima kimefungwa kwa kufuli, na ufunguo uko kwa muadhini. Watoto wa chuo huja na chupa zao kutoka nyumbani, na wale wasio na maji nyumbani hupewa na wenzao. Mama wa yule mtoto aliyelazwa angali akipita mbele ya mlango wa msikiti na mtungi wake kichwani, akielekea kwa wauza maji wa barabara ya pili, ambao kisima chao hatujakipima.